Benchi la Mayu Nesi

Duka lilikuwa la matofali ya kuchoma, limepakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi usawa wa kifua na juu yake chokaa, na barazani palikuwa na benchi refu la mninga lililong'arishwa na wagonjwa wa miaka mingi, hata ukilikalia jioni baada ya jua kupungua ulilikuta bado na joto la waliokutangulia. Ndani kulinukia spiriti, sabuni ya Mbuni na karatasi kuukuu. Kwenye kabati la vioo vilipangwa vikopo vya bati na chupa za kahawia, kila kimoja na jina lililoandikwa kwa mkono, na nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mfupi aliyefunga khanga juu ya gauni jeupe la unesi ambalo kola yake ilishageuzwa na fundi mara mbili. Jina lake halisi watu wazima walilijua. Sisi watoto tulimwita Mayu Nesi, yaani Mama Nesi, nusu Kisukuma nusu Kiswahili, na jina hilo ndilo lililomfuata hadi kaburini.

Hiyo ni Nyashimo ya miaka ya 1980, ilipokuwa bado katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza: mahali ambapo basi la Musoma lilisimama abiria wanunue michembe ya viazi vitamu na dagaa, na ambapo msimu wa pamba ulipofika malori ya ushirika yalipita usiku kucha yakidondosha pamba kando ya njia, nasi alfajiri tukaiokota kama mtu aokotaye pesa. Leo Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012. Palipokuwa duka la Mayu Nesi pana kibanda cha kutuma na kutoa pesa.

Benchi sijui lilikwenda wapi.

Aliyekulia Usukumani enzi hizo hahitaji kuelezwa utaratibu. Uliingia, ukasema "Mwangaluka mayu," naye akakuitikia kisha akaanza kuuliza: bibi anaendeleaje na lile goti, kikohozi cha mdogo wako kimekwisha, baba amerudi kutoka Bariadi au bado yuko kwenye ng'ombe? Ugonjwa wako aliuulizia mwisho, na alipoufikia alishajua nyumba yenu imelala vipi na imekula nini. Homa ilimaanisha klorokwini. Nne, nne, mbili. Watu wa rika langu bado tunaikumbuka hesabu hiyo kama wimbo wa shule, na tunaukumbuka ule uchungu ulionata kwenye ulimi hata baada ya kipande cha sukari guru, na usiku wa kujikuna viganja na nyayo mpaka mama akakumwagia maji ya baridi. Vidonge alivihesabu kwa ncha ya kisu juu ya kipande cha kioo, mbili mbili, midomo ikichezacheza, akavifunga kwenye karatasi ya gazeti la Uhuru iliyokunjwa pembe tatu. Juu ya karatasi alichora jua. Jua linachomoza upande mmoja, jua la utosini, jua linazama. Bibi yangu hakujua kusoma hata herufi moja na hakuwahi kukosea dozi ya Mayu Nesi.

Dawa ya kikohozi ulikwenda na chupa yako mwenyewe, mara nyingi chupa ya Konyagi iliyooshwa kwa majivu. Mwenye pesa alilipa, asiye nazo aliandikwa kwenye daftari la madeni mpaka pamba inunuliwe, na daftari hilo lilikuwa na majina mengi kuliko rejista ya shule yetu. Nilimwona akipokea jogoo badala ya shilingi. Nilimwona pia akikataa kuuza. "Hii si ya kwangu," alisema, akachana kikaratasi, akaandika maneno matatu, akamwambia mtu apande gari la kwanza liendalo hospitali ya Magu. Maneno hayo yalikuwa na uzito zaidi kuliko dawa zote za kabatini, maana yalimwambia mgonjwa kwamba wa kumsaidia yuko mbele zaidi na kwamba Mayu Nesi anajua mwisho wa elimu yake.

Elimu yenyewe ilikuwa hivi: darasa la nane, kisha mafunzo ya uuguzi msaidizi katika hospitali ya misheni, kisha miaka 20 wodini. Basi. Kwa sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1978 duka lake lilikuwa duka la dawa baridi, yaani liliruhusiwa kuuza zile tu zisizohitaji cheti cha daktari, za kichwa, za mchafuko wa tumbo, za kupaka. Lakini kila mtu alijua kwamba chini ya kaunta palikuwa na kopo la vidonge vya rangi mbili. Nchi ilikuwa hivyo. Hospitali binafsi za biashara zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1977 na hazikurudi mpaka 1991. Zahanati ya serikali ilipokea boksi la dawa kila mwezi, chini ya mpango wa dawa muhimu uliosaidiwa na Denmark na UNICEF, na boksi hilo lilifunguliwa kwa furaha na kwisha mwezi haujafika mwisho. Siku zilizobaki wilaya nzima ilikaa kwenye mabenchi kama lile la mninga. Zahanati zenyewe zilishikiliwa na waganga wasaidizi wa vijijini, vijana waliotoka darasa la saba wakafunzwa miaka mitatu, na kwa elimu hiyo wakazalisha, wakashona vidonda na kugawa dawa kwa maelfu ya watu. Ukimweleza hayo mwanafunzi wa leo wa famasi anatazama chini kwa aibu kwa niaba yetu. Mimi sioni aibu. Naona hofu, kwa sababu nakumbuka mwaka 1989.

Mwaka huo mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Alishikwa na homa usiku wa kuamkia gulio, akaanza kuweweseka, na asubuhi baba alikuta zahanati haina kitu na duka la Mayu Nesi limefungwa, kwa kuwa yeye alikuwa amekwenda msibani Maswa. Akampeleka mtoto duka jingine, ambalo sitalitaja wala kijiji chake. Aliyekuwa akiuza pale alikuwa kijana mwema, mcheshi, aliyeanza kwa kuuza sabuni na betri za redio, na dawa alizifahamu kwa kuwatazama wengine. Alichemsha sindano ya kioo kwenye sufuria juu ya stovu ya pampu, na mpaka leo nikisikia mlio wa stovu hiyo nywele zinanisimama. Akamchoma kwinini takoni. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena.

Homa ilishuka. Mtoto alipoteremshwa kitandani unyayo wa kulia ulining'inia kama kitambaa.

Bibi alimkanda kwa samli majuma mawili. Hospitali walipomwona walisema neva imeumia. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa kemia, nesi mmoja kijana alinichorea kwenye ganda la sigara kitu ambacho kila mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa: ligawe tako kwa msalaba, uchome pembe ya juu ya nje, kwa kuwa chini ya pale pamepita neva nene kuliko zote mwilini. Somo la robo saa. Nilikishika kile kikaratasi nikashindwa kusema asante. Mdogo wangu sasa ana zaidi ya miaka 40, ana mke, watoto na mjukuu, analima mpunga, na viatu vyake vya matairi huwa anavinunua jozi mbili kwa mpigo, maana cha kulia kinalika ncha mapema kwa kukokota.

Ndiyo maana sikuyasikitikia maduka ya dawa baridi yalipoanza kuondolewa. Mwaka 2003 ilianzishwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mwaka huohuo, mkoani Ruvuma, likaanza jaribio la Duka la Dawa Muhimu: muuzaji awe na msingi wa uuguzi, akae darasani majuma kadhaa, duka likaguliwe, na kwa kubadilishana na taabu hiyo aruhusiwe kuuza waziwazi baadhi ya dawa za cheti, amoksilini na kotrimoksazoli zikiwamo, badala ya kuzificha chini ya kaunta. Jaribio likafaulu, likaenea mikoa mingine, likafika kwetu. Klorokwini yenyewe ilikuwa imeshastaafishwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilishaizoea, dawa iitwayo SP ikashika nafasi yake kwa miaka michache, na baada ya 2006 ikaja dawa ya mseto na vile vipakiti vyake vyenye picha. Mambo yalikwenda mbio. Mayu Nesi, akiwa na miwani iliyofungwa uzi na nywele nyeupe, alikwenda kukaa darasani pamoja na wasichana wa umri wa wajukuu zake.

Nilimtembelea aliporudi. Nilitarajia kumpongeza. Cheti alikuwa ameshakitundika, lakini yeye alikaa kwenye benchi lake la nje, mahali pa wagonjwa, mikono mapajani.

"Ng'wana wane," aliniambia, "nimewapa watu nusu dozi miaka kumi na nane."

Alikuwa akivikumbuka vile vidonge vya rangi mbili. Mtu alikuja na pesa ya viwili, akamuuzia viwili, akidhani anamhurumia. Mtu alikuja na kidonda, akamwambia afungue kidonge amwagie unga wake kidondani. Watoto wadogo aliwapa tetrasaiklini, na sasa amefundishwa kwamba inabadilisha rangi ya meno yanayoota. Akainua uso akanitazama mdomoni, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilifunga mdomo wangu. Kisha nikaufungua tena, nikacheka ili aone meno yangu yote, yenye mistari yake ya rangi ya chai, nikamwambia kwamba yamenitafunia michembe miaka yote hiyo bila kulalamika. Hakucheka. Alisema tu kwamba angejua, asingefanya, na kwamba wa kumwambia hakuwapo.

Miaka ile yote wa kumwambia hakuwapo. Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Sasa barabara ya lami inapita katikati ya Nyashimo, na kando yake nimehesabu maduka ya dawa kwa vidole vya mikono yote miwili. Yana milango ya vioo. Yana taa za mabango zinazotembea usiku. Yana friji. Vidonge vimo kwenye ganda la plastiki na karatasi ya fedha, tarehe ya mwisho imechapwa, hakuna anayechukua kisu kuhesabu. Anayeuza anavaa koti jeupe na haulizii goti la bibi ya mtu, kwa kuwa foleni ni ndefu na bodaboda nje anapiga honi. Nikiwa na homa sasa sichomwi sindano na muuza sabuni. Naambiwa nikapime kwanza. Haya ni mafanikio makubwa, na mtu atakayesema zamani ilikuwa bora zaidi nitamwomba aje atembee na mdogo wangu kutoka kwake hadi barabarani.

Lakini kuna kitu ukutani. Katika famasi zile kubwa, zilizo daraja la juu kuliko Duka la Dawa Muhimu, utaona fremu yenye cheti cha mfamasia msimamizi, mwenye shahada, aliyesajiliwa na Baraza la Famasi linaloongozwa na sheria ya mwaka 2011. Sheria inamtaka awepo. Jina lake linasomeka vizuri. Mara nyingi mwenyewe haonekani. Yuko Mwanza, au Dar es Salaam waliko wafamasia wengi wa nchi hii, na mbele yako anasimama binti ambaye jina lake halimo ukutani popote. Kila mkaazi wa mji mdogo analijua jambo hili. Wakaguzi wanalijua, wanalikemea, na linaendelea, kwa sababu mtu aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia mpaka kidato cha sita, akakaa chuo kikuu miaka minne na hospitali mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, anapotazama ramani ya nchi kutafuta pa kuishi, jicho lake halitui Nyashimo.

Mazungumzo yaliyonikosesha usingizi yalitokea msibani, siku ya kuondoa matanga ya mjomba. Mtoto wa binamu yangu ni mfamasia Marekani. Alipigiwa simu ya picha, ikazungushwa kwa wazee, ikafika kwetu wanaume tuliokaa chini ya mwembe, na mtu akamwuliza alisoma miaka mingapi. Minane, alisema. Minne shahada ya kemia, kisha minne ya famasi yenyewe. Alieleza kwamba kule, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfamasia mpya lazima awe na shahada ya udaktari wa famasi. Vyuo vingi vinampokea mtu aliyemaliza masomo ya msingi ya chuo kikuu ya miaka miwili au mitatu, lakini vingine vinataka awe na shahada kamili mkononi kabla hajagusa mlango, na chake kilikuwa hivyo. Wenyewe huko wanabishana. Wako wanaosema anayeingia na shahada anaingia amekomaa, anajua kusoma tafiti, haogopi kumwambia daktari kwamba amekosea dozi. Wako wanaosema ni kumwongezea kijana madeni na kumchelewesha bure. Shemeji yetu, aliyestaafu halmashauri, akapiga goti lake: "Na hapa waweke hivyohivyo. Kazi ya dawa ingeheshimika."

Nilifungua mdomo kupinga. Kabla sijasema, mdogo wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alisema:

"Waweke. Wangeweka zamani, ningekuwa na mguu."

Pale chini ya mwembe sikuwa na jibu. Mtu aliyelipa kwa mwili wake anapotoa hoja, usimjibu kwa haraka. Nimechukua miezi. Jibu langu ni hili, nalo ni kwa ajili yake.

Mdogo wangu, wewe hukulemazwa na ukosefu wa shahada mbili. Ulilemazwa na somo la robo saa ambalo halikumfikia kijana yule, na mlango mmoja uliofungwa siku mwenye nyumba yuko msibani. Kilichokosekana Nyashimo hakikuwa kilele cha elimu. Kilikosekana kiasi chake cha kutosha, mahali hapa, kila siku, hata Mayu Nesi akienda Maswa. Ukirefusha ngazi mpaka ifike mawinguni, aliye juu atakuwa amesoma sana, ndiyo, ila chini hapatabaki mtu, na mahali pasipo mtu muuza sabuni hurudi.

Fanya hesabu nami, kama nilivyowafanyisha wanafunzi wangu. Miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, minne ya famasi, mmoja wa mafunzo hospitalini. Kumi na minane. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka saba anakuwa na 25 kabla hajaruhusiwa kusimama peke yake. Mwongezee shahada nyingine ya miaka mitatu mbele, anakuwa na 28. Nani wa Nyashimo atakayelipa mitatu hiyo? Bodi ya Mikopo inamkopesha mwanafunzi shahada ya kwanza. Ya pili, mzee auze ng'ombe. Wenye ng'ombe wa kutosha tunawafahamu kwa majina. Kenya wanasoma famasi miaka mitano moja kwa moja baada ya sekondari, Uingereza wanaingia wakitoka sekondari ya juu, na sijasikia kwamba wagonjwa wa huko wanakufa kwa sababu mfamasia wao hakusoma kwanza digrii nyingine.

Tena mimi nimesimama upande ule ambako ngazi huanzia. Nilifundisha kemia katika shule ya kata, moja ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi baada ya 2004, ambako kila kaya ilichangia mawe na mchanga, na darasa likafunguliwa kabla ya maabara. Mwanafunzi wangu alisoma titresheni ubaoni. Nilimchorea bureti kwa chaki, nikachora na tone likidondoka, nikamwambia awaze rangi ikigeuka kuwa ya waridi. Akifaulu kemia na baiolojia kwa D hapo, D hiyo ina jasho zaidi kuliko A ya mahali penye gesi na bomba. Kwa D hiyo, pamoja na ufaulu katika masomo mengine, mlango wa stashahada ya sayansi ya dawa unafunguka kwa mtu wa kidato cha nne: miaka mitatu, anatoka mteknolojia wa dawa. Hata hapo wengine walikwama ada, maana kwa miaka mingi mikopo ilikuwa ya wanaosoma shahada na wa stashahada walijitegemea. Lakini mlango upo. Na mwenye stashahada akifaulu vizuri anaweza kuingia shahada baadaye, akiwa ameshagusa dawa na ameshaona mgonjwa. Ukomavu ule wanaoutafuta Wamarekani kwa shahada ya kemia, yeye anaupata nyuma ya kaunta.

Huo ndio upandaji ninaoutetea. Wakati Muhimbili ilipoanza kufundisha famasi mwaka 1974 nchi ilikuwa na haki ya kutaka wachache walioiva, kwa sababu karibu hakukuwa na mtu. Sasa Bugando, hapo Mwanza, panafundishwa famasi. Mtoto wa Nyashimo anaweza kupanda basi asubuhi akawa darasani mchana. Tusimsogezee mlango tena. Kama tunataka elimu zaidi, na mimi naitaka, tuiweke ndani ya ile miaka minne na mitatu iliyopo: maabara za kweli, walimu wa kutosha, mazoezi ya kuzungumza na mgonjwa asiyejua kusoma. Na tumfuate aliyekwisha kuhitimu mpaka dukani kwake, kila baada ya miaka michache, tumwambie kilichobadilika. Mayu Nesi hakuhitaji kusoma miaka minane. Alihitaji mtu aje amwambie, mwaka 1988, kwamba vidonge viwili si huruma.

Yako mambo ambayo sitaweza kuyarudisha kwa hoja yoyote. Lile daftari la madeni haliwezekani tena. Duka lenye friji na kodi halikopeshi mpaka pamba. Yale maulizo kabla ya ugonjwa hayamo katika mtaala wowote, na labda hayawezi kuwamo, kwa kuwa Mayu Nesi hakuyasoma popote, alikuwa tu jirani yetu. Nimejaribu kuwaza kama ningemchagua yeye, na nusu dozi zake, au binti wa koti jeupe asiyenijua jina. Kwa mtoto mwenye homa ningemchagua binti. Kwa bibi yangu siku ya mwisho, ningempeleka kwa Mayu Nesi.

Binti huyo, kwa kweli, ananijua jina. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alipata ile D yenye jasho, akasoma stashahada, na kwa miaka minne sasa amesimama katika duka lililo karibu na stendi. Juzi nilikuwa naye, mdogo wangu akaingia na mjukuu wake mgongoni, mtoto amechemka, akaomba mseto. Binti alimsalimu, shikamoo baba, akamgusa mtoto paji la uso, akamwuliza ameanza lini, amekojoa, ananyonya? Kisha akasema hamuuzii mseto kabla ya kipimo. Mdogo wangu akakunja uso. Alikuwa ametembea mbali. Binti akampima mtoto kwenye mizani ya kuning'inia, akampa parasetamoli ya maji kwa kiasi cha uzito ule, akaita bodaboda aliyemfahamu, akamwambia awapeleke kituo cha afya na awasubiri.

Wakati wanangoja pikipiki, nilimwambia mdogo wangu habari ambayo binti alikuwa ameniletea: amepata nafasi ya shahada ya famasi Mwanza, anaanza muhula ujao. Mdogo wangu alimtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena.

"Dukani atabaki nani?"

"Wanatafuta mtu, baba."

"Miaka mingapi?"

"Minne. Na mmoja hospitalini."

Alihesabu kwa vidole, akianza na kidole kidogo kama tulivyofundishwa na bibi, polepole, mpaka vikaisha vya mkono mmoja. Kidole gumba alikishikilia.

"Mitano tu?" aliuliza. "Hawataki na nyingine kwanza?"

"Hawataki, baba."

Pikipiki ikafika. Alimfunga mtoto vizuri kwa kanga, akatoka, kiatu cha kulia kikikwaruza sakafu, kisha kizingiti, kisha lami, na binti akazunguka kaunta akamsaidia kuinua mguu kuupitisha juu ya kiti.